Mpenzi Asiyekuwapo: Fani ya Wimbo wa Mapenzi wa "Boys Band" za Kitui na Makueni

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu wimbo wa gitaa umekuwa kama mgeni aliyeachwa uani katika nyumba ya ushairi wa Kiswahili. Kanuni zilizoandikwa na Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, hazikumpa nafasi, kwa kuwa mistari yake haipimiki kwa mizani wala haishiki vina vya kudumu. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mlango ulifunguliwa, lakini walioingia walikuwa watunzi wa mashairi huru yaliyoandikwa na kupigwa chapa. Wanamapokeo na wanamabadiliko walibishana vikali juu ya mambo mengi, ila jambo moja hawakulibishania: wote walikuwa na kurasa mkononi. Katika miaka hiyohiyo vijana wengi wa Kenya walikuwa wakisikiliza na kukariri shairi la namna nyingine, ambalo halikuwa na ukurasa. Shairi hilo lilizunguka mara 45 kwa dakika.

Makala hii inakusudia kueleza fani ya shairi hilo kama lilivyojengeka Ukambani, hususan katika sehemu za Kitui na Makueni, ambako bendi za vijana zilizojiita "Boys Band" zilitoa santuri nyingi za nyimbo za mapenzi tangu katikati ya miaka ya 1970. Mambo matatu yataelezwa. Kwanza, ni jinsi gani umbo la santuri lenyewe lilivyotengeneza umbo la wimbo. Pili, ni nani anayesemeshwa katika wimbo huo, na kwa nini mara nyingi yeye hayupo mahali unapoimbwa. Tatu, ni kitu gani kinachotokea kwa maneno ya wimbo pindi picha za video zinapokuja na kumleta mpenzi huyo mbele ya macho ya kila mtu.

Kabla ya kuendelea, hapana budi kuweka wazi mipaka. Makueni haikuwa wilaya wakati bendi hizi zilipoanza. Ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992 ilipotengwa. Chini ya Katiba ya mwaka 2010 Kitui na Makueni zilikuwa kaunti, na serikali zake za kwanza zikaanza kazi mwaka 2013. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.1 Kitui na karibu 988,000 Makueni. Kwa hiyo msomaji akikuta bendi ya Mbooni imeelezwa kuwa ya Machakos, asidhani kwamba kuna kosa. Aidha, baadhi ya bendi zilizopendwa sana Kitui na Makueni zilizaliwa nje ya mipaka hiyo, kama ile ya Kilimambogo, karibu na Thika. Masikio ya wasikilizaji hayakufuata mipaka ya wilaya.

2. Jina na maana yake

Katika nchi za Ulaya na Marekani, bendi ya wavulana ni kitu kinachojulikana kwa sifa zake. Take That ya Manchester iliundwa mwaka 1990, Backstreet Boys ya Orlando mwaka 1993, na Westlife ya Ireland mwaka 1998. Katika vikundi vya aina hiyo, kwa kawaida vijana huchaguliwa kwa sauti na sura zao. Aghalabu hawapigi ala wenyewe. Nyimbo nyingi hutungwa na watu wengine. Na nyuma yao husimama meneja ambaye ndiye aliyewakusanya. Wimbo wao mashuhuri zaidi huwa ni ule wa taratibu, wa kumbembeleza mpenzi, ambao mwishoni hupandishwa sauti ili moyo wa msikilizaji upande nao.

Bendi za Ukambani zina jina linalokaribia hilo, lakini maana yake ni nyingine. Lower Mbooni Boys Band, Kyanganga Boys Band ya Peter Mwambi, Kalambya Boys, na baadaye Katitu Boys Band: majina haya yana muundo mmoja. Kwanza hutangulia jina linalotambulisha kikundi, na katika mfano wa Lower Mbooni jina hilo ni la mahali, yaani sehemu ya chini ya milima ya Mbooni, ambayo masimulizi ya Wakamba huitaja kuwa mojawapo ya makao yao ya kale walikotawanyikia. Kisha hufuata "Boys". Wengine wakachagua neno jingine la udugu, kama Les Kilimambogo Brothers, ambao hata walijitwalia kineno cha Kifaransa mbele ya jina lao, kwa namna inayokumbusha bendi za Kongo zilizokuwa zikitawala Nairobi wakati ule.

Neno "Boys" hapa linastahili kuangaliwa kwa makini. Katika Kiswahili cha wakati wa ukoloni, "boi" alikuwa mtumishi wa nyumbani, hata akiwa mzee wa miaka sitini. Neno hilo lilimnyima mtu utu uzima wake. Katika majina ya bendi neno hilohilo limegeuzwa. Jamii ya Wakamba iliwapanga wanaume kwa marika na madaraja: waliokuwa vijana waliitwa anake, wakafuatwa na nthele, yaani wanaume waliokwisha kuoa lakini bado ni vijana, na juu yao wakawa atumia, yaani wazee. Anake ndio waliokuwa wachezaji ngoma na watongozaji. Yaelekea kwamba "Boys" wa Mbooni au Kyanganga wanafahamika vizuri zaidi wakitazamwa kama anake wa enzi ya gitaa kuliko wakitazamwa kama wavulana. Hawakukusanywa na meneja kutoka pembe mbalimbali za mji. Walitoka mahali pamoja, wakapiga magitaa yao wenyewe, na wakatunga nyimbo zao wenyewe.

3. Santuri na pande zake mbili

Santuri ndogo ina kipenyo cha inchi 7, yaani karibu sentimita 18, na kila upande wake huchukua dakika tatu hadi tano hivi. Wimbo wa mapenzi wa Ukambani hauishi katika muda huo. Hivyo basi watengenezaji wa Nairobi waliugawa: sehemu ya kwanza upande wa mbele, sehemu ya pili upande wa nyuma. Desturi hii haikuwa ya Wakamba peke yao, kwani ilienea katika santuri za Kenya kwa jumla, lakini Ukambani iliota mizizi hata ikawa kanuni ya utunzi.

Upande wa kwanza ndio wenye kisa. Gitaa la kwanza huanza peke yake na kuitaja lahani, kama vile fanani anavyoita hadhira kabla ya kusimulia. Gitaa la pili huingia likizungusha sauti nyembamba za juu bila kukatika, mfano wa gurudumu la baiskeli. Besi hufuata, na ngoma hushika mwendo. Ndipo sauti mbili za wanaume zinapoingia pamoja, moja juu ya nyingine kwa umbali mdogo usiobadilika. Mara nyingi ubeti ni mfupi. Ukimalizika, gitaa hulijibu kwa lahani ileile, kana kwamba linarudia kwa lugha yake maneno yaliyosemwa. Upande wa pili maneno hupungua, gitaa la kwanza hupewa uwanja, na wachezaji hupewa haki yao.

Kwa hiyo santuri moja ina fani mbili ndani yake. Upande wa kwanza ni wa kusikiliza, upande wa pili ni wa kucheza. Kati yake kuna kimya: mtu anasimama, anainua sindano, anaigeuza santuri, anaiteremsha sindano tena. Kimya hicho hakimo katika santuri yenyewe, lakini kimo katika kila usikilizaji wake. Msikilizaji aliyeguswa na kisa hupata nusu dakika ya kukitafakari kabla ya kuitwa uwanjani. Hakuna bahari ya ushairi wa Kiswahili iliyo na kituo cha namna hii, ila labda pale manju anaponyamaza ili waitikiaji wapokee.

Jambo jingine huwashangaza wageni. Katika Ulaya, neno walitumialo kwa wimbo wa mapenzi wa taratibu lilikuwa hapo zamani jina la wimbo wa kisa, wenye beti na kiitikio. Kwa muda mrefu maana ikahama kutoka kisa hadi mwendo, hata leo wimbo huitwa hivyo kwa sababu unakwenda polepole. Ukambani kisa kimebaki na upole umekataliwa. Wimbo wa kijana aliyeachwa na mchumba unaweza kwenda kwa kasi ileile ya wimbo wa sherehe. Huzuni imo katika maneno na katika kubanana kwa zile sauti mbili. Magitaa hayalii, yanakimbia. Asiyejua Kikamba hudhani kwamba amesikia furaha. Anayekijua anacheza huku moyo unamuuma, wala haoni kwamba ana mambo mawili yanayopingana. Anacheza kwa kuwa hana kazi nyingine ya kuufanyia uchungu huo mbele za watu.

4. Mpenzi asiyekuwapo

Katika ngoma za kale za Wakamba, ambazo Paul Nzioki Kavyu aliziandikia katika kitabu chake An Introduction to Kamba Music cha mwaka 1977, wimbo uitwao wathi ulikuwa wimbo wa ana kwa ana. Ngui, yaani mtunzi na kiongozi wa waimbaji, aliimba mahali ambapo anayesifiwa au anayekemewa aliweza kuwa amesimama hatua chache kutoka kwake. Msichana aliyetajwa aliweza kucheka, kununa, kuondoka, au kujibu. Hadhira ilikuwa shahidi.

Santuri iliuvunja utaratibu huo. Mwimbaji anasimama katika chumba cha kurekodia Nairobi, na yule anayemwimbia yuko Mutomo, Mwingi, Kibwezi au Wote. Si jambo la ajabu, basi, kwamba nyimbo hizi hurudia sana mambo ya umbali: safari, basi, barua isiyojibiwa, rafiki aliyetumwa kupeleka habari akajipeleka mwenyewe, mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Umbo la santuri na maisha ya watu vilikutana hapa. Kitui na sehemu kubwa ya Makueni ni nchi kavu. Mkulima huko huzitegemea zaidi mvua za vuli, za mwezi wa Novemba, kuliko zile za masika, na zikikosa, kama katika ukame wa mwaka 1984, vijana hushika njia.

Kuondoka kwenyewe ni kwa kale. Mwaka 1849 mmisionari Ludwig Krapf alifika Kitui kwa mtu maarufu aitwaye Kivoi, mfanyabiashara ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilikwenda mpaka Mombasa. Reli, miji na mashamba makubwa yaliongeza safari hizo. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliokuwa Mombasa walianzisha chama chao cha ushirika huko Changamwe. Mke au mchumba aliyebaki nyumbani alimngoja mtu, na mtu huyo naye, akiwa Changamwe au Eastleigh, aliwaza ni nani anayemngojea na kwa muda gani.

Redio ilitumika kama tarishi. Sauti ya Kenya, kama lilivyoitwa shirika la utangazaji tangu mwaka 1964 hadi lilipogeuzwa kuwa KBC mwaka 1989, lilikuwa na vipindi vya Kikamba pamoja na idhaa ya taifa ya Kiswahili. Vipindi vya salamu, ambapo wasikilizaji walituma kadi zenye majina ya ndugu na marafiki na kuomba wimbo, viliufanya wimbo wa mapenzi kuwa barua ya watu wengi. Kijana asiyejua kutunga alichagua wimbo wa Kyanganga au wa Kilimambogo, na maneno ya mtunzi yakawa yake kwa dakika nne.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Posa kwa Wakamba haikamiliki kwa maneno. Kuna ntheo, mbuzi wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana, ambao bila wao ndoa haihesabiwi kuwa imefungwa kwa desturi, hata kama watu wamezaa na kuzeeka pamoja. Mwimbaji wa santuri, mara nyingi, ni mtu mwenye maneno na asiye na mbuzi. Anaahidi. Anaomba asubiriwe. Akiwalaumu wazazi wa msichana kwa kumtazama mwenye gari, lawama hiyo haimhusu yeye peke yake; ni hoja juu ya thamani ya mtu katika nchi ambayo mvua huweza kukosa na mifugo ikafa. Mhakiki anayeziita nyimbo hizi porojo za mapenzi hakusikia bado suala la uchumi linaloimbwa ndani yake.

5. Sahihi ndani ya wimbo

Msikilizaji wa mara ya kwanza hushangazwa pia na majina. Katikati ya wimbo wa mapenzi mwimbaji hujitaja, huwataja wapiga gitaa wenzake, hutaja kijiji chake, hutaja rafiki fulani mwenye duka, kisha hurudi kwa mpenzi kana kwamba hakuna lililotokea. Wengine wameliona jambo hili kuwa ni udhaifu wa fani.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili angepaswa kuwa wa mwisho kushangaa. Watunzi wa tenzi walizoea kujitaja katika beti za mwisho, wakaeleza jina, ukoo na mji, wakamwomba msomaji awaombee dua. Walijua kwamba nakala zitasafiri bila wao, na kwamba mwenye kunakili aweza kusahau. Mtunzi wa santuri alikuwa na sababu hiyohiyo, tena yenye nguvu zaidi. Karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri huchakaa. Kanda iliyonakiliwa barabarani haina jina lolote. Na redio hutaja au haitaji. Jina lililoimbwa haliwezi kubanduliwa. Chama cha kusimamia haki za wanamuziki, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983, na Sheria mpya ya Hakimiliki ikapitishwa mwaka 2001, lakini kabla ya hayo na hata baada yake, sahihi iliyo imara kuliko zote ilikuwa ile iliyofumwa ndani ya ubeti.

6. Lugha mbili na sauti ya kike

Kakai Kilonzo, aliyezaliwa mwaka 1954 na kufariki mwaka 1987, aliwaongoza Les Kilimambogo Brothers na akaimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Wimbo wake Mama Sofi ni mmojawapo wa zile za Kiswahili zilizomfikisha mbali na Ukambani. Sababu ya kuchagua Kiswahili haihitaji kutafutwa mbali: idhaa ya taifa ilisikika nchi nzima.

Lakini kuhama lugha si kubadili vazi tu. Kikamba ni lugha ya toni, yenye irabu saba, na urefu wa irabu hutofautisha maana. Mtunzi wa Kikamba hawezi kuipeleka lahani popote apendapo, kwa kuwa sauti ikipanda pasipotakiwa neno huweza kupotea. Kiswahili kina irabu tano, hakina toni, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Hivyo katika Kiswahili lahani iko huru zaidi, lakini kila mstari hupata mwanguko uleule mwishoni, na mwanguko huo huukaribisha wimbo kwenye kina hata bila mtunzi kukusudia. Anayetaka kuonyesha darasani tofauti iliyopo kati ya lugha yenye toni na lugha yenye mkazo angeweza kuchukua santuri mbili za bendi moja, moja ya Kikamba na moja ya Kiswahili, akaziweka zizungumze zenyewe.

Jambo jingine la kutajwa ni kwamba katika sehemu kubwa ya santuri hizi mwanamke ni wa kusemeshwa tu. Anasifiwa, anangojwa, analaumiwa, lakini hajibu. Katika miaka ya 1980 Kalambya Sisters, wakisindikizwa na Kalambya Boys, walipata umaarufu mkubwa kwa wimbo Katelina, ambao ni kisa cha kuchekesha cha mwanamke anayependa pombe ya kienyeji na kushika mimba kila mwaka. Hakuna mtu aliye mbali zaidi na yule mpenzi wa santuri za wanaume, asiye na mwili wala kiu. Wapo waliouona wimbo huo kuwa wa aibu, na wapo waliouona kuwa ni dhihaka dhidi ya wanawake. Hata hivyo, walioimba ni wanawake, na kwa sauti za juu zenye mzaha walirudisha katika wimbo mambo ambayo wimbo wa kumbembeleza huyaficha: mimba, watoto, uchovu na kicheko. Muyaka wa Mombasa na washindani wake walijibizana kwa mashairi. Ukambani jibu lilitoka upande mwingine kabisa, wala halikujiita jibu.

7. Picha za video

Santuri ilidhoofishwa na kanda, na kanda ikadhoofishwa na wale waliozinakili bila idhini. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1990 enzi ya santuri ndogo ilikuwa imekwisha. Baadaye zikaja sidii za picha zilizouzwa vituoni mwa mabasi, na baada ya YouTube kuanzishwa mwaka 2005, video ikawa ndiyo namna ya kawaida ya kuutoa wimbo. Redio za Kikamba kama Musyi FM zingali zikicheza sauti peke yake, lakini wimbo usio na picha siku hizi huhesabiwa kuwa haujatoka.

Video imebadilisha mambo matatu katika fani iliyoelezwa hapo juu.

Kwanza, imemleta mpenzi. Yule aliyekuwa Kibwezi sasa amesimama mbele ya kamera, amepambwa, na anatabasamu. Kila msikilizaji wa santuri alimpa mpenzi huyo sura ya mtu wake mwenyewe; video humpa kila mtazamaji sura moja. Maneno ya kungoja na ya umbali huendelea kuimbwa, lakini macho huona watu wawili waliokaa pamoja bustanini. Picha na neno huanza kukanushana, na katika ushindani huo mara nyingi neno hushindwa.

Pili, imeyaondoa mapumziko ya kugeuza santuri. Kisa na ngoma vimeunganishwa tangu mwanzo: wachezaji waliovaa sare hutokea kabla ubeti wa kwanza haujamalizika. Gitaa lililokuwa likiujibu ubeti limekuwa mandharinyuma ya viuno na miguu. Msikilizaji hapewi tena muda wa kuumia kabla ya kucheza.

Tatu, sahihi imehama. Jina la mwimbaji huandikwa kwenye kioo, pamoja na namba ya simu ya kumwalika kwenye sherehe. Kwa upande mmoja hii ni faida, kwani mwanamuziki hupata mkate wake. Kwa upande mwingine, jina lililoandikwa juu ya picha linaweza kufutwa na mwenye kuinakili video hiyo, jambo ambalo jina lililoimbwa halikuogopa.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba picha ni adui wa wimbo. Sauti Sol, kikundi kilichoanzishwa Nairobi mwaka 2005 ambacho kinakaribia zaidi maana ya kigeni ya bendi ya wavulana, kilitoa mwaka 2014 wimbo wa mapenzi wa Kiswahili uitwao Sura Yako. Uso, ambao ndio neno kuu la jina la wimbo huo, umekuwa pia kiini cha kutazama: neno lenyewe linamwalika mtazamaji aangalie. Hapo picha inafanya kazi iliyoagizwa na maneno. Tatizo la video nyingi za wimbo wa mapenzi wa Ukambani si kwamba zina picha, bali kwamba zimeazima picha za wimbo wa mtu aliyefika, zikazivika wimbo wa mtu anayengoja. Kitui na Makueni hazikosi picha za kungoja. Kuna mito ya mchanga inayochimbwa ili maji yapatikane, kuna mibuyu ya Kibwezi, kuna vituo vya mabasi vya Emali na Mwingi saa kumi na moja alfajiri. Mwongozaji wa picha atakayeyasoma maneno kwanza atayaona hayo bila kutafuta bustani ya kukodi.

8. Hitimisho

Imeelezwa kwamba wimbo wa mapenzi wa "Boys Band" za Kitui na Makueni una kanuni zake: kisa upande mmoja na ngoma upande wa pili, huzuni iliyobebwa na mwendo wa kasi, mpenzi asemeshwaye akiwa mbali, na sahihi iliyofumwa ndani. Kanuni hizi hazikuandikwa na mtu yeyote, lakini zilifuatwa, na penye kanuni zinazofuatwa pana fani. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima, wanafunzi wengi wa Ukambani walijifunza kuhesabu mizani za mashairi ya pwani, na hilo lilikuwa jambo jema. Ila waliporudi nyumbani jioni walisikia redioni shairi ambalo hakuna mwalimu aliyewaambia kuwa ni shairi.

Kuna haja ya haraka katika jambo hili. Shirika la Ketebul Music la Nairobi lilichapisha mwaka 2008 kazi yake juu ya historia ya benga, na mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilikusanya upya santuri za Kenya za miaka ya 1970 na 1980. Juhudi hizo zinastahili shukrani, lakini zimeangalia muziki zaidi kuliko maneno. Maneno ya Kikamba hayajaandikwa, hayajafasiriwa, na wale wanaoweza kueleza kwa nini rafiki fulani alitajwa katika wimbo fulani ni watu wa makamo na wazee. Vyuo vikuu viko karibu. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kitui kwenyewe. Mwanafunzi mwenye kalamu, aliyekaa na mjomba wake karibu na santuri ya zamani, akaandika ubeti baada ya ubeti na kuuliza maana ya kila jina, atakuwa amefanya utafiti halali wa fasihi. Akichelewa, santuri itabaki kuzunguka na sauti zitasikika, lakini hakutakuwa na mtu wa kumwambia ni nani aliyekuwa akingojwa.